Tupeane uzoefu: Unafanyaje ili biashara yako ndogo isikwaruzane na TRA, BRELA wala halmashauri?

MwenyeFremu ameandika:

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba uzi huu uwe wa uzoefu tu. Sheria zipo na taasisi zenyewe (TRA ya kodi, BRELA ya usajili wa biashara, halmashauri ya leseni) zinazitangaza. Ninachotaka ni wewe uliyeko dukani, saluni, gereji au jikoni utueleze umefanya nini mpaka unafungua asubuhi bila kuogopa nani ataingia mlangoni. Nimeshuhudia majirani wazuri wakifunga biashara ambazo wateja walikuwa wanapanga foleni. Hawakuangushwa na mauzo. Waliangushwa na deni lililokuwa linakua taratibu kwenye mfumo wa serikali, wao hawana habari, wakaja kulikuta siku wanahuisha leseni. Hilo linaniuma sana, kwa sababu mara nyingi lilikuwa jambo la kumalizika kwa barua ya ukurasa mmoja kama lingeshughulikiwa mapema.

Naanza mimi. Nina duka la vifaa vya shule na fotokopi, Morogoro. Ni biashara ya mtu binafsi, jina la biashara nimesajili BRELA, leseni ni ya halmashauri. Kilichonibeba kuliko vyote ni daftari. Kila jioni kabla sijashusha shata naandika mauzo ya taslimu, mauzo yaliyoingia kwa simu, mzigo nilionunua na matumizi. Risiti za manunuzi nazitolea fotokopi siku hiyo hiyo, kwa sababu zile karatasi laini za mashine maandishi yake yanafifia. Ukikaa nazo mwaka mmoja kwenye droo ya joto unabaki na karatasi nyeupe. Na sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Kwa hiyo risiti halisi naibana nyuma ya kopi yake, kila mwezi na bahasha yake.

Faida yake niliiona kwa hesabu. Mwaka 2021 mauzo yangu yalikuwa kama milioni 9. Kwenye viwango vya kodi ya mapato ya mfanyabiashara mdogo, mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu alikuwa analipa 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000, kisha asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kwangu ziada ilikuwa milioni 2, asilimia 3 yake 60,000, jumla 150,000. Laki nzima ilibaki mfukoni kwa sababu ya daftari tu. Afisa wa TRA alilifungua daftari katikati, akachagua mwezi mmoja, akaniomba bahasha ya mwezi huo, akalinganisha. Zilipoonana hakuendelea kuuliza.

Kodi yenyewe nailipa kwa awamu zake nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Sisubiri tarehe ya mwisho. Nachukua namba ya kumbukumbu ya malipo mapema ndani ya mwezi na kulipia kwa simu, ujumbe wa malipo naupiga picha.

Karibuni. Taja unafanya biashara gani na ulichopitia. Kama una la kulaumu, tusitaje ofisi wala mtu, tueleze tukio na namna ulivyotoka.

DadaSaluni ameandika:

Asante kwa uzi huu kaka, umekuja wakati wake.

Mimi naongelea fremu, yaani chumba cha biashara cha kupanga, kwa sababu wanawake wengi wenye saluni tunakwama hapo. Unakwenda kuomba klirensi ya kodi (cheti cha TRA kwamba mambo yako ya kodi yako sawa) ili ukahuishe leseni, unaulizwa mkataba wa pango. Unautoa. Unaulizwa: ushuru wa stempu umelipa? Kodi ya zuio ya pango iko wapi? Unabaki umeduwaa, maana pango umeshamlipa mwenye nyumba lote.

Kodi ya zuio kwenye pango la biashara ni asilimia 10. Kimsingi ni kodi ya mwenye nyumba, lakini sheria imempa mpangaji kazi ya kuikata na kuipeleka TRA. Usipoikata, unadaiwa wewe. Ushuru wa stempu, ule wa mkataba, ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Tuseme fremu ni 200,000 kwa mwezi, mwaka ni 2,400,000. Kodi ya zuio 240,000, stempu 24,000. Mwenye nyumba anatakiwa apokee 2,160,000 mkononi na cheti cha kuonyesha kwamba ile 240,000 imekwenda serikalini kwa jina lake.

Sasa mwambie hivyo mwenye nyumba! Wengi wanakujibu, "Mimi nataka pesa yangu kamili, mambo ya kodi utajua mwenyewe." Fremu ni za kugombania, unakubali, unajikuta unalipa asilimia 110.

Nilipohama nilibadili utaratibu. Sikuanza na bei. Nilimwambia mama mwenye nyumba, kwa heshima zote, kwamba ninataka mkataba wa maandishi na ndani yake kuwe na kipengele cha kodi ya zuio. Akasema hataki kukatwa. Nikamwonyesha kwenye karatasi kwamba kodi ni ya kwake na cheti nitamletea chenye TIN yake, yaani namba yake ya mlipakodi. Akaniuliza, "Kwa hiyo wakija kwangu nawaonyesha hiki?" Nikamwambia ndiyo mama, hicho ndicho kinga yako. Tulikubaliana kupandisha pango kidogo ili kile kinachomfikia kisimuumize, na mimi nikajua tangu siku ya kwanza gharama yangu halisi ni ngapi. Ningependa kila mpangaji afanye mazungumzo haya kabla ya kutoa hata shilingi, kwa sababu ukishalipa mwaka mzima huna tena nguvu ya kuyaanzisha.

Kodi hiyo inapelekwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi uliolipa pango kuisha.

Kijana_wa_Mzigo ameandika:

DadaSaluni hapo kwenye siku 7 umenifungua macho. Mimi nilikuwa najua inalipwa ukienda kuomba klirensi.

Fundi_Spana ameandika:

Gereji, Arusha. Nina vijana watano.

Nilikaa muda mrefu nikiwaita "vibarua" ili nisiwe na habari ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Halafu mmoja akaumia kidole kwenye jeki. Hospitali nililipa mimi, na wiki alizokaa nyumbani nililipa mimi. Baada ya hapo nikawaandikisha wote: NSSF asilimia 20 ya mshahara, tukigawana nusu kwa nusu, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa mshahara wa 300,000 hiyo ni 1,500 kwa mwezi. Mtu anaikwepa elfu moja na mia tano halafu anakuja kulipa matibabu na fidia kutoka mfukoni.

Kuhusu kodi ya mshahara, mfanyakazi anayelipwa 270,000 au pungufu kwa mwezi hakatwi. Anayezidi hapo unamkata na kupeleka ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Nimeweka kengele kwenye simu tarehe 3, basi.

OSHA, wale wa usalama na afya mahali pa kazi, nao walikuja. Walitaka kuona usajili wa eneo la kazi, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza. Vitu vya kawaida kabisa, na kwenye gereji yenye petroli na cheche unavihitaji wewe kabla ya mkaguzi.

Mkurugenzi_Mtarajiwa ameandika:

Wadau, naomba vijana wenzangu wasome hii kwa utulivu.

Mwaka 2017 sisi rafiki wawili tulisajili kampuni. Tulitaka zabuni za usafi na vifaa vya ofisi, na tuliambiwa bila kampuni hatutasikilizwa. Cheti kikatoka, tukatengeneza mihuri na kadi za biashara. Zabuni hazikuja. Mwenzangu akapata ajira, mimi nikaingia kwenye biashara ya vipuri. Kampuni tukaisahau ndani ya faili.

Mwaka 2022 nikapata mteja mkubwa aliyetaka kufanya kazi na kampuni. Nikafurahi, nikasema si tunayo! Nikaingia kwenye ORS, mfumo wa usajili wa BRELA wa mtandaoni. Kwanza, kampuni yetu ilisajiliwa kabla ya mfumo huo kuanza 2018, kwa hiyo ilibidi tuhuishe taarifa zote upya, kila mkurugenzi na namba yake ya NIDA. Pili, kampuni inatakiwa kuwasilisha taarifa za mwaka kila mwaka, ndani ya siku 28 tangu tarehe ya kumbukumbu ya usajili wake, hata kama haijauza hata kalamu. Ada ni 22,000 kwa kila mwaka, na kuchelewa ni 2,500 kwa kila mwezi kwa kila waraka. Zidisha mwenyewe kwa miaka tuliyolala. Faini ilizidi ada yenyewe.

Na hapo ni BRELA peke yake. Kule TRA kampuni haimo kwenye viwango vya mfanyabiashara mdogo alivyoeleza mwenye uzi. Inatakiwa kuleta makadirio yake mwanzoni mwa mwaka na ritani ya mwisho (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa hesabu kuisha, ikiwa na hesabu zilizothibitishwa na mhasibu mwenye usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu. Mhasibu huyo analipwa. Kampuni isiyofanya kazi inakuwa na gharama za kampuni inayofanya kazi.

Tulilipa, tukaisafisha, na leo inafanya kazi na ipo kwenye mfumo wa manunuzi ya serikali wa NeST. Sijutii kuwa nayo. Lakini kijana anayeanza kuuza viatu au kutengeneza simu, namwambia wazi: jina la biashara linamtosha. Usajili wake ni 20,000 pamoja na ada ya mwaka wa kwanza, kisha 5,000 kila mwaka ya kulitunza. Kampuni ifunguliwe siku kuna kazi inayoidai.

Mama_Lishe ameandika:

Mimi nasindika unga wa lishe na siagi ya karanga, Dodoma. Kwetu sisi wa chakula ofisi ni nyingi zaidi, lakini nataka niwatie moyo.

Wengine bado wanaulizia TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Tangu Julai 2019 mambo ya chakula na vipodozi yalihamia TBS, shirika la viwango, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo usajili wa jengo na alama ya ubora vyote ni TBS. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Wanakuja kuona unavyofanya kazi, wanakupa mafunzo, wanakuandikia barua ya utambulisho ya kwenda TBS, na barua hiyo inakupunguzia sana gharama za mwanzo za kupata alama. Watu wanaogopa TBS kabla hawajaingia hata ofisini. Mimi waliniambia nitenganishe mahali pa kuchambua karanga na mahali pa kusaga, niweke wavu madirishani, sakafu iwe ya kuoshika. Fundi wa mtaani alimaliza kazi hiyo. Karanga zikichambuliwa vizuri na kukaushwa sawasawa, sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) inapungua, na hiyo ni afya ya watoto wanaokula uji wangu. Sikuona kama nimeonewa.

Jambo la pili ni mizani. Wakala wa Vipimo wanataka mizani ihakikiwe kila mwaka na iwe na stika ya mwaka husika. Mkaguzi anakuja na mawe yake ya uzito kwenye boksi la mbao, anaweka la kilo moja, anasoma, anaweka la kilo mbili, anasoma, anahamisha jiwe lile lile pembeni mwa sahani kuona kama kipimo kinabadilika. Mizani yangu ya kwanza ilikuwa inazidisha pembeni. Maana yake nilikuwa nawapunja wateja bila kujua. Alinielekeza kwa fundi wa mizani aliyesajiliwa, ikarekebishwa, ikahakikiwa. Sasa mteja akija naiweka mahali anapoiona stika.

Mzee_wa_Jumla ameandika:

Wanangu, niongeze la mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za TRA.

Mashine ikigoma, usikae kimya ukaendelea kuuza ukisema nitaingiza kesho. Mimi yangu ilikufa kabisa asubuhi ya siku ya mnada. Nilimpigia aliyeniuzia, nikaiandikia TRA siku hiyo hiyo, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Mauzo yote nikaandika kwa mkono kwenye kitabu cha risiti. Wakaguzi walipopita walikuta mashine haipo mezani, nikawapa nakala ya barua na kitabu. Walihesabu, wakasaini pale chini, wakaondoka. Mashine iliporudi nikayaingiza yote. Jirani yangu naye yake iliharibika wiki hiyo hiyo lakini hakuwa na karatasi yoyote. Sote tulisema ukweli mmoja, ila wa kwangu ulikuwa umeandikwa.

Ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku inayotoka kwenye mashine, itolewe kila siku unapofunga, hata siku hujauza kitu.

Kuna mteja anayekuja kununua mzigo wa laki nane anaomba umwandikie risiti ya laki tatu. Mkatalie. Na wewe ukienda kununua usikubali kuandikiwa hivyo hivyo. Mkitoka hapo yeye ana mzigo asioweza kuueleza, wewe una mauzo pungufu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja, kati ya manung'uniko makubwa ilikuwa kukamatwa kamatwa kwa mizigo na wateja njiani. Yalikuwa ya kweli na yalistahili kusikilizwa. Lakini mteja anayetembea na risiti inayolingana na mzigo wake ana cha kumwonyesha anayemsimamisha.

Na msisahau vikomo. Viwango vile vya mfanyabiashara mdogo vinaishia mauzo ya milioni 100 kwa mwaka. Ukivuka, unaingia kwenye hesabu kamili za faida na hasara. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nayo kikomo chake kilikuwa milioni 100, Julai 2023 kikapandishwa kuwa milioni 200. Biashara ikikua, kaa na mhasibu kabla hujavuka, siyo baada.

Kijana_wa_Mzigo ameandika:

Mzee wangu shikamoo. Nauliza, na hawa wanaokuja bila kitambulisho wanasema wametoka ofisi fulani, wanataka "ya maji"?

Mzee_wa_Jumla ameandika:

Marahaba mwanangu.

Yalinikuta. Walikuja wawili mchana, wakasema leseni yangu ina kasoro, faini ni kubwa lakini "tunaweza kuongea". Niliwaletea viti. Nikawaomba vitambulisho, nikaandika majina na saa kwenye daftari mbele yao. Kisha nikawaomba waniandikie kasoro hiyo kwenye karatasi na wanipe namba ya kumbukumbu ya malipo ya faini, nitalipa leo leo. Sikupandisha sauti. Mmoja akasema watarudi. Hawakurudi.

Malipo halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu, na ukilipa inatoka stakabadhi. Fedha ya mkononi haina mwisho, maana mwezi ujao anakuja mwenzake. Wakikushikilia, TAKUKURU wanapigiwa bure kwa 113.

Wakili_wa_Mtaa ameandika:

Mzee amesema vizuri. Niongeze kwa wale waliopewa makadirio wanayoona si sahihi.

Usiende kugombana kaunta. Una siku 30 tangu upokee makadirio kuandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA. Ndani yake eleza kiasi unachokubali, unachokataa na sababu, uambatanishe ushahidi. Pamoja na pingamizi unalipa kile unachokubali au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kama huna uwezo wa kulipa, unaomba kwa barua upunguziwe au usamehewe sharti hilo, ukieleza sababu. Usiporidhika na uamuzi kuna Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza la Rufani za Kodi. Kama lalamiko ni la namna ulivyohudumiwa, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, TOST.

Nimeona watu wenye haki kabisa wakishindwa kwa sababu walitumia zile siku 30 kulalamika vijiweni. Ikipita tarehe bila pingamizi wala maombi ya kuongezewa muda, makadirio yanasimama kama yalivyo. Siku unayopokea karatasi, andika tarehe hiyo juu yake kwa kalamu.

Bint_Mtandaoni ameandika:

Habari zenu kaka na dada. Mimi nauza mitandio na mabegi Instagram, bado nipo nyumbani kwa wazazi. Nilikuwa naona mambo haya si yangu, ila sasa nataka nifungue fremu. Naanzia wapi nisije nikafanya kinyume?

MwenyeFremu ameandika:

Karibu dada. Anza na TIN, inatolewa bure, unahitaji namba yako ya NIDA. Kisha jina la biashara BRELA kwa mtandao. Ukipata fremu, soma tena alichoandika DadaSaluni kabla hujatoa pesa. Halafu unakwenda kukadiriwa TRA ukiwa na mkataba, unapata klirensi, na kwa klirensi hiyo unaomba leseni ya halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI.

Siku ya kukadiriwa ndiyo watu wanapoponzwa na majigambo. Usitaje mauzo ya ndoto zako, na usitaje ya uongo. Peleka kile ulichouza kweli miezi iliyopita, hata kama ni orodha ya miamala ya simu. Viwango tulivyonavyo vinasema mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato, lakini hilo halikuondolei leseni.

Mhamaji ameandika:

Nilikuwa Temeke nikahamia Ubungo. Nilidhani leseni ni yangu naweza kutembea nayo. Leseni ni ya mahali na ya aina ya biashara iliyoandikwa. Ukihama, unaomba ya huko. Ukiongeza biashara nyingine humo humo, unaiombea yake. Na TRA uwaambie ili jalada lako lihamishwe, la sivyo ofisi ya zamani itaendelea kukutegemea na ya mpya itakuandikia upya. Halmashauri nako ulizia ushuru wa huduma, ule unaotozwa kwa asilimia ya mauzo, usije ukadaiwa wa miaka kadhaa kwa mpigo.

Nimerudi_Mjini ameandika:

Nimesoma nyuzi zote, nikaona niandike ya kwangu, maana ndiyo hasa aliyosema mwenye uzi mwanzoni.

Mwaka 2019 nilikuwa na duka la vipodozi Mwanza. Mama akaugua, nikauza mzigo kwa hasara, nikarudisha ufunguo wa fremu, nikaenda kijijini kumuuguza. Kichwani mwangu biashara ilikuwa imekufa. Kwenye mfumo ilikuwa hai. Makadirio yakaendelea, riba ikaingia, adhabu za kutowasilisha ritani zikaingia. Nilikuja kujua mwaka 2023 nilipotaka leseni ya duka jipya. Yule dada wa kaunta aligeuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Mistari ilikuwa inateremka, mwaka baada ya mwaka, kwa duka ambalo mlango wake ulikuwa na mpangaji mwingine.

Nilikusanya ushahidi. Mwenye fremu wa zamani aliniandikia barua ya tarehe niliyorudisha ufunguo. Mpangaji aliyefuata alinipa nakala ya mkataba wake, tarehe zikaonyesha mimi sikuwepo. Mtendaji wa mtaa wa kule Mwanza na wa kijijini wote waliandika. Nilitoa na kumbukumbu za hospitali za mama, ingawa ilinichoma kuziweka kwenye bahasha ya kodi. Nikaandika barua kuomba makadirio ya miaka ile yarekebishwe. Walituma mtu kukagua eneo. Ilichukua muda, lakini kodi ya miaka ambayo sikufanya biashara iliondolewa. Kiasi cha miezi niliyofanya kweli nililipa, nikakubaliwa kulipa kwa mafungu.

Mama amefariki. Siku nyingine nafikiria kwamba barua moja ya mwaka 2019 ingenipa nafasi ya kumlilia bila kukimbizana na ofisi.

DadaSaluni ameandika:

Pole sana ndugu yangu. Mungu ampumzishe mama.

Kijana_wa_Mzigo ameandika:

Pole sana kaka. Naomba kwa faida ya wote, hiyo barua ya kufunga au kusimamisha biashara inaandikwa vipi?

Nimerudi_Mjini ameandika:

Asanteni sana.

Barua inakwenda kwa Meneja wa TRA wa mkoa au wilaya jalada lako lilipo. Weka jina lako, jina la biashara, TIN, namba ya leseni na mahali biashara ilipokuwa: mtaa, kata, namba ya nyumba au fremu. Kichwa cha habari kiwe "Kufunga biashara" au "Kusimamisha biashara kwa muda". Mwili uwe mfupi: tarehe ya mwisho kuuza, sababu, mzigo uliobaki umekwenda wapi, na ombi kwamba usiendelee kukadiriwa kuanzia tarehe hiyo. Ambatanisha leseni halisi, barua ya mwenye fremu na ya mtendaji. Kama una mashine ya EFD, toa Z ya mwisho, eleza mashine iko wapi na ufuate utaratibu wa kuifunga. Waarifu mara tu unapoacha biashara, usingoje ujisikie vizuri kwanza. Kama unauguza, mtume ndugu.

Halafu nakala nyingine peleka kwa afisa biashara wa halmashauri, na BRELA ukafunge jina kama hutalitumia tena. Zote zigongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, wenye tarehe inayosomeka. Ukififia, mwombe agonge tena. Ritani ya miezi uliyofanya kazi mwaka huo nayo uiwasilishe, maana barua ya kufunga haiifuti.

MwenyeFremu ameandika:

Asante sana mkuu, na pole tena. Nimeihifadhi barua hii juu ya uzi ili ionekane kirahisi. Wenye daladala, bodaboda na nyumba za wageni bado hatujawasikia, na najua LATRA ya usafiri na ushuru wa vitanda vina habari zake. Karibuni.